MJADALA: Mteja wa mtandaoni akichelewa kulipa, ni halali kumuanika?

Mama Mikoba (mleta mada)

Wapendwa, habari za wakati huu. Kwenye makundi yetu ya wauzaji hapa Dar imerudi ile tabia. Mteja akichelewesha hela, picha yake ya profaili inachukuliwa, jina lake linawekwa lote kama linavyosomeka kwenye muamala, namba ya simu chini yake, na maandishi mekundu: TAPELI, MSIMUUZIE. Wengine wanaongeza na ofisi anakofanya kazi. Wanaotetea wanasema mfanyabiashara mdogo hana pa kukimbilia, kwa hiyo acha aibu ifanye kazi. Naomba tulijadili bila matusi. Msimamo wangu ni kwamba tuache, na sababu yangu ya kwanza wala si huruma.

Wengi wanaoanikwa si matapeli. Ni watu tuliowakopesha bila wao wala sisi kukiri kwamba ule ni mkopo. Angalieni mazungumzo yanavyokwenda. "Mpenzi, ile maroon ipo?" Ipo, 45,000. "Niwekee, nalipia jioni." Unaiweka pembeni. Jioni kimya. Kesho yake anakuja mwingine anaitaka ileile, unamwambia imeshachukuliwa. Ukimuuliza wa kwanza anakujibu, "Jamani dada, nilibanwa, ngoja mshahara utoke." Mkoba bado unao, ila mteja wa pili ameshaenda kwa jirani yako.

Baadaye anasema mtume tu boda, akifika natuma. Boda anafika Mbezi, anakupigia kutoka getini: "Dada, mama anasema ameshatuma." Unaangalia simu, hakuna kilichoingia. Mama anasema mtandao unasumbua. Boda ana mzigo mwingine wa Tegeta, anakuuliza aache au arudi nao. Unajibu, "Mwachie tu." Hapo mkoba umeondoka, tarehe ya kulipa haipo, maandishi hayapo. Wiki mbili baadaye ndiyo tunaona picha yake kwenye stetasi yako na herufi nyekundu.

Sababu ya pili ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi nchini tangu 1 Mei 2023, na Tume yake ipo, inapokea malalamiko. Mteja alikupa namba ili mzigo umfikie. Kuirusha kwa watu ambao hata hawamjui ili adhalilike ni matumizi mengine ambayo hakuyaridhia. Halafu mkumbuke Novemba 2024, Benki Kuu ilipotoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya simu yasiyo na leseni. Tulishangilia wote, maana tulikuwa tumechoshwa na wakopeshaji wa simu wanaotuma meseji hadi kwa mama mkwe wako kwamba unadaiwa 30,000. Sasa sisi na wao tofauti yetu ni nini?

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Spea

Mleta mada, heshima yako, lakini umeandika kama mtu anayeuza vitu vya kulipiwa papo hapo. Mimi nauza spea za magari. Fundi ananitumia picha ya shoki imevunjika saa nne asubuhi, gari liko juu ya jeki, mwenye gari amekaa kwenye benchi anasubiri. Nikimwambia tanguliza hela, anahamia duka la pili kabla sijamaliza kuandika. Kwa hiyo namtumia mzigo, anafunga, analipwa, halafu simu inazimwa.

Niambie niende wapi na deni la 60,000. Polisi wanakuambia hilo ni la madai, si jinai. Mahakama ya Mwanzo? Nifunge duka siku nzima nikae kwenye foleni kwa ajili ya 60,000? Mwaka juzi nilimuweka fundi mmoja kwenye kundi lao la mafundi, jina na namba. Hela iliingia kabla ya swala ya isha. Sheria yako ni nzuri, mama, ila haijawahi kunilipa.

Mama Mikoba

Mzee wangu, sibishi kwamba inafanya kazi haraka. Hata kumkaba mtu koo kunafanya kazi haraka. Nauliza, je, siku ile fundi angekuwa ameshalipa kwa kijana wako wa dukani, na kijana hajakuambia? Ungeifuta vipi kwa watu wote walioiona na kuisambaza? Deni ukilikosea hesabu unarekebisha daftari. Jina la mtu kwenye kundi la mafundi wenzake hulirekebishi.

Na kabla ya mahakama kuna serikali ya mtaa. Mwenyekiti anaandika barua ya wito, mnakaa pale ofisini, mdaiwa anaandikiana na wewe tarehe ya kulipa mbele yake. Nimeona watu waliokataa simu za mwezi mzima wakilipa kwa awamu kwa sababu tu barua ilipelekwa nyumbani na mjumbe. Aibu ipo hapo pia, siikatai, ila ni ya watu watatu ofisini na mdaiwa anapewa nafasi ya kujieleza.

Mnunuzi Mchovu

Naomba na sisi tunaonunua tusikike, maana hapa naona tunahukumiwa tukiwa hatupo. Mnajua kwa nini sitangulizi hela? Nilitanguliza kwa duka moja la Instagram lenye wafuasi wengi na picha kali, nikablokiwa dakika ileile muamala ulipokamilika. Duka lingine nikaagiza viatu namba 40, zikaja 38, nikaambiwa "sisi hatubadilishi, soma bio." Tangu hapo nalipa nikishashika mzigo mkononi, na nikiona una kasoro silipi mpaka tuelewane.

Kwenye daftari lenu mimi naitwa mdaiwa sugu. Wauzaji mna makundi ya kuwaanika wateja. Sisi wateja wa duka lile la blok tukawaanike wapi, wakati akaunti inabadilishwa jina kesho yake?

Mama Mikoba

Huyu amesema jambo ambalo wauzaji huwa tunalikwepa. Kuna mteja anayechelewa kwa sababu hana, kuna anayechelewa kwa sababu hamwamini muuzaji, na kuna asiyekusudia kulipa kabisa. Stetasi nyekundu inawaweka wote kapu moja. Wa pili dawa yake ni kumruhusu akague mbele ya boda, na "hatubadilishi" ifutwe kwenye bio zetu.

Boda wa Sinza

Mimi nasema kwa niaba ya tunaosimama getini, maana mnajadiliana kama vile mizigo inatembea yenyewe.

Mteja anatoka na kanga, anafungua mfuko, anavaa kiatu, anaingia nacho ndani kujiangalia kwenye kioo. Mimi nimeshika pikipiki. Anarudi bila kiatu, ananionyesha simu: meseji imeandikwa vizuri kabisa, kiasi, jina la muuzaji, hadi salio. Mgeni wa kazi anaondoka. Mimi siondoki hadi muuzaji aniambie kwa mdomo wake kwamba kwake imeingia, kwa sababu meseji ya kwenye simu ya mteja inaandikwa na yeyote mwenye vidole. Na wewe muuzaji ukipata meseji, usiishie kuisoma. Angalia imetoka kwa jina la mtandao au imetoka kwa namba ya mtu, kisha ufungue menyu uone salio limebadilika. Ukiona ni ya uongo, itume kwenda 15040, ile namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Kwenye kuanika, mimi naogopa. Mteja akianikwa anajua ni nani aliyeleta mzigo, na mimi ndiye ninayerudi mtaa ule kesho. Nimeshatukanwa kwa deni ambalo hata bei yake sikuijua. Ombi langu ni dogo: nauli ya boda ilipwe kabla sijawasha pikipiki. Mtu aliyelipa 5,000 ya usafiri ni nadra kuzima simu. Anayekataa kulipa nauli, hana hata mpango wa kununua.

Mpwani

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo haya yamefika mbali kidogo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza sehemu moja ya starehe Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Huyo hata hakuwa mdaiwa, alikuwa anajiburudisha tu. Tangu hapo mimi nikiona muuzaji anaanika mtu kwa deni la buibui la shilingi 2,500, nasema huyu anacheza na moto.

Ila pia msidhani kulipwa kwanza ndio mwisho wa habari. Kuna wanaolipa, wakishapokea mzigo wanautuma ule ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya M-Pesa ya Safaricom ya kurudisha hela, kuomba urudishwe, wakidai wamekosea nambari. Ukipigiwa simu na kampuni ukawa huna ushahidi wa oda, utajieleza mpaka jua lizame. Weka picha za mazungumzo, na mteja aandike mwenyewe, "nimenunua kitu fulani, nimelipa kiasi fulani." Mstari mmoja tu.

Msafirishaji wa Mikoani

Mimi natuma vitenge Mwanza, Songea, Kigoma. Kucheleweshewa malipo kulikoma nilipoacha kutegemea hisani ya mtu. Mzigo naupeleka ofisi za mabasi Shekilango, unakatiwa risiti, unaondoka. Mteja naye ninamtumia video ya mzigo ukipokelewa, lakini risiti inabaki kwangu. Akilipa, nampigia picha risiti, anaenda kuchukua. Asipolipa, mzigo unakaa stoo ya basi na jina langu, nauagiza urudi. Nimepoteza nauli, sijapoteza vitenge.

Hili halikuanza na sisi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuuzuia mzigo ulio mikononi mwake mpaka alipwe, kama hamkukubaliana kukopeshana. Ukishaukabidhi, haki hiyo imekwisha, umebaki na deni la kudai. Kwa hiyo swali la kuanika au kutoanika linakuja baada ya wewe kuiachia nguvu uliyokuwa nayo bure. Tulijadili lile la kwanza.

Mzee wa Spea

Vitenge vinaweza kukaa stoo. Gari liko juu ya jeki, ndugu yangu. Biashara yangu na mafundi ni mali kauli, yaani chukua mzigo sasa ulipe baadaye, tangu enzi za baba yangu, na ikifa mali kauli na mimi nimekufa. Nyinyi mnaniambia niwe mkali mwanzoni, wakati soko langu lote linaendeshwa kwa ulegevu wa mwanzoni.

Mama Mikoba

Hapo Mzee umenikamata kidogo, na nakubali kwamba nilichoandika kinamfaa zaidi anayeuza mikoba kuliko anayeuza shoki. Mali kauli siwezi kuisema vibaya, nusu ya Kariakoo imesimama juu yake. Lakini mali kauli ya baba yako ilikuwa na mambo mawili ambayo ya WhatsApp haina: baba yako alimjua fundi gereji yake ilipo, na deni lilikuwa na kikomo. Fundi akifika kiasi fulani hapewi tena hadi apunguze. Leo namba ngeni inatuma picha ya shoki na tunaita mali kauli.

Mimi ningefanya hivi kwa mafundi: mgeni alete kishika uchumba, hata robo ya bei, na mwenye gari ndiye atume, maana yupo pale kwenye benchi. Fundi wa zamani apewe kikomo chake kwenye meseji moja, aijibu "sawa" na tarehe. Akipitisha tarehe, unasimamisha mzigo, hupigi kelele. Fundi bila spea anakuja mwenyewe.

Mzee wa Spea

Mwenye gari atume moja kwa moja kwangu? Mama, hujui biashara hii. Fundi hataki mwenye gari ajue bei ya shoki. Ndiyo faida yake ilipo.

Mnunuzi Mchovu

Kumbe! Mimi mwenye gari nimekaa kwenye benchi nasoma haya. Mjadala ufunguliwe upya.

Mama Mikoba

Mzee, hiyo ya bei fungua mada yake, nitakuja. Kwa hii bado nangoja mtu mmoja aniambie namna ya kuifuta picha iliyokwisha kusambazwa, pale itakapogundulika mteja alikuwa ameshalipa.