Naomba ushauri: mhusika wangu mbinafsi anawachosha wasomaji

Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya, niko sura ya 6. Mhusika mkuu ni dalali wa viwanja Mbagala, mtu wa mimi-mimi: hata kwenye msiba wa shemeji yake anahesabu rambirambi. Rafiki yangu wa Sinza ameacha mswada katikati, anasema hana hamu ya kujua mwisho wake. Imeniuma kweli.

Mwandishi Kezilahabi katika riwaya yake Kichwamaji (1974) alimwacha mhusika mkuu, Kazimoto, asimulie mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, nami nilibaki naye hadi mwisho. Mimi nimetumia nafsi ya tatu, na msimulizi wangu anamhukumu dalali kila ukurasa.

Je, nianze upya asimulie mwenyewe, au nimwongezee mke anayemjibu? Kumfanya mwema sitaki.