Kikundi cha Ukoo: Gari la Salum Limechemsha Tena

Salum (saa 1:40 usiku): Assalaam alaykum jamaa wote. Ami Hamad, shikamoo. Gari limechemsha tena leo, mara ya tatu mwezi huu, safari hii tumeshapita Kitogani tukirudi nyumbani, na tumekaa chini ya muembe zaidi ya nusu saa tukisubiri injini ipoe. Nimetia maji lita tatu, likaondoka. Naomba ushauri kabla ya Jumatatu.

Zuwena: Ami, hakukwambia kuwa alifungua kifuniko cha rejeta kwa kanga yangu injini ikiwa bado ya moto, mvuke ukaruka hadi kwenye kioo.

Ami Hamad: Waalaykum salaam. Marahaba, mwanangu. Hilo usilirudie. Kifuniko kile kinayabana maji ili yasichemke mapema. Kikiwa kizima chenye namba 0.9 juu yake, yaani kipimo cha shinikizo, maji matupu hayachemki mpaka yafike karibu digrii 118, kwa hivyo ukikifungua yote hugeuka mvuke kwa pamoja, usoni mwako. Sasa nijibu: maji uliyotia ni ya wapi?

Salum: Ya kisima cha nyumbani, Ami. Nina galoni kwenye buti siku zote.

Ami Hamad: Nilidhani hivyo. Kisima chetu cha Makunduchi kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na maji yake yana chokaa. Tazama ndani ya birika la mama yako, uone ukoko mweupe ulioganda chini. Ukoko huo huo unajijenga ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, na gari la mwaka 1998 ambalo kila mwenye nalo alilitilia maji ya kisima, sishangai kuwa rejeta yake imeziba nusu.

Mama: Birika langu nalikwangua kila mwezi kwa ndimu. Kwani rejeta haikwanguliki?

Ami Hamad: Shemeji, ndimu inautoa ukoko kweli, lakini rejeta kuukuu iliyokwisha kuliwa, mara nyingine ukoko ndio unaoziba matundu yake, ukiutoa, inavuja kama chujio la tui. Bora ipelekwe kwa anayezibua na kuchomea rejeta, naye atasema kama inafaa au inunuliwe nyingine. Baadaye itiwe kulanti, dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Kulanti inazuia kutu pia.

Lakini Salum, rejeta ni mfumo uliofungwa, na maji hayapungui bila ya sababu. Wewe umefanya kazi ya kujaza, hukufanya kazi ya kutafuta yanakokwenda. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili uangalie kama kwa ndani pana utando mweupe kama maziwa. Halafu piga tochi chini ya pampu ya maji na kwenye viungo vya mipira.

Salum (saa 1:15 asubuhi): Nimeangalia. Oili ni safi, haina weupe wowote. Chini ya pampu kuna mchirizi mkavu wa rangi ya kutu, na mpira wa kifuniko cha rejeta umepasuka pembeni. Jambo jingine: fundi mmoja wa mjini aliitoa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, mwaka jana, akasema nchi ya joto haiihitaji.

Ami Hamad: Alhamdulillahi kwa oili, maana utando ule ungekuwa habari ya gasketi ya silinda hedi, inayotenga maji na oili ndani ya injini, kuwa imeungua, na hiyo ni fedha nyingi. Pampu na kifuniko vibadilishwe. Themostati irudi mahali pake pia. Maneno ya fundi yule nimeyasikia miaka mingi na sijayakubali hata siku moja, kwa sababu injini isiyofikia joto lake inakula petroli na kujichakaza. Na kwa kuwa pampu ya gari lako inazungushwa na mkanda wa taimingi, mkanda nao ubadilishwe hapo hapo, usilipe ufundi mara mbili. Ukikatika pale Jozani kwenye matuta ya kima punju, injini itazima papo hapo.

Zuwena: Na oili je? Karatasi aliyobandikiwa inasema abadilishe baada ya miezi mitatu.

Ami Hamad: Hiyo ni hesabu ya mtu wa Michenzani, pale pale mjini, anayekwenda sokoni. Nyinyi mnakwenda mjini kilomita zipatazo 65 na kurudi 65, siku tano, yaani 650 kwa wiki. Miezi mitatu ni zaidi ya 7,500, na oili mnayotia ni ya kilomita 5,000. Kwenu nyinyi ni kila wiki ya saba, na isomwe kwenye mita, si kwenye kalenda. Mipira ya magurudumu nitaiangalia mwenyewe nikija.

Salum: Nimekufahamu, Ami. Gari nitalilaza kwa fundi Jumamosi, na kama hakumaliza, Jumatatu tutapanda daladala la 310.

Mama: Basi ondokeni mapema, na hiyo galoni ya maji ya kisima irudi jikoni, naitaka.