Chenga za tairi kwenye zege: naomba ushauri, niko Malindi

KijanaMaweni
Asalaam aleikum wakubwa zangu. Mimi hufyatua kabro, yale matofali ya zege ya kutandika njiani, hapa Maweni. Magereji ya tuktuk yamejaa tairi kuukuu: mvua ikinyesha mbu wanazaana humo, zikichomwa moshi mweusi unatuingilia majumbani. Nimepata mtu Mombasa anayezisaga, chenga zake ni kama mchanga mkubwa. Nataka zichukue nafasi ya sehemu ya mchanga wa mto Sabaki. Nina kazi mbili, kijia cha madrasa na slabu ya ghorofa. Nitie kiasi gani? Na slabu je? Mwenye nyumba amelipenda wazo, anangoja jibu langu.

FundiMuyeye
Waaleikum salaam. Mdogo wangu, slabu usiiguse. Watu watalala chini yake. Kijia sawa.

InjiniaPwani
Fundi amesema kweli. Mpira ni laini, tena unakataa maji, kwa hiyo saruji haiushiki inavyoshika kokoto. Zege likielemewa, nyufa huanzia kwenye zile chenga. Mwaka 1993 watafiti Eldin na Senouci walichapisha majaribio yao: mchanga wote ulipotolewa zikawekwa chenga, nguvu ya zege kuhimili mgandamizo ilishuka kwa kama 65%. Kokoto zote zilipotolewa vikawekwa vipande vikubwa vya tairi, ilishuka hadi 85%. Kwa slabu hilo halizungumziki.

Ila zege hilo halikuvunjika ghafla, lilimeza nguvu nyingi kwanza. Hapo ndipo kijia kinapofaidika. Anza na 5% ya mchanga, usipite 10%. Na tafadhali pima kwa karai, usipime kwa kilo! Uzito wa mpira haufiki nusu ya uzito wa mchanga, kwa hiyo ukitoa kilo moja ya mchanga ukatia kilo moja ya chenga, umeshatia zaidi ya maradufu. Mashine nayo isitetemeshe muda mrefu, chenga zitapanda juu.

KijanaMaweni
Shukrani sana. Huko kukataa maji hakuna dawa?

UmmuShela
Ipo, mwanangu. Kostiki soda, ile tunayopikia sabuni. Loweka chenga nusu saa hivi kwenye maji yake, kisha suuza mpaka utelezi uishe. Vaa glavu na miwani, na soda ndiyo itiwe kwenye maji, usimwagie maji juu ya soda, itakurukia.

InjiniaPwani
Sawasawa. Husaidia saruji kushika, lakini nguvu iliyopotea hairudi yote.

KijanaMaweni
Basi mwenye nyumba nitamwambia slabu yake ni mchanga na kokoto tu. Kabro nitafyatua za 5% na nyingine bila mpira, ziive siku 28, zote zikapondwe maabara kabla sijaweka hata moja pale madrasa.

FundiMuyeye
Hapo sawa. Na huyo wa Mombasa mwambie atoe nyaya zote za chuma zilizomo kwenye tairi. Kwa hewa yetu ya chumvi, waya ukibaki ndani kabro itatoa kutu, na watoto wanapita hapo miguu mitupu.