Mada: Je, tumlaumu mbung'o kwa vifo vya wapagazi wa vita ya 1914–1918?

Wadau, kila tunapowazungumzia wapagazi waliokufa Afrika Mashariki katika Vita ya Kwanza ya Dunia, huja hoja hii: hapakuwa na njia nyingine. Afrika Kusini walikuwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe, lakini huku mbung'o aliwamaliza ng'ombe, mzigo ukaishia kichwani mwa mtu. Naipinga, ingawa nusu yake ni kweli.

Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitoka Saadani na magari ya ng'ombe wakielekea Ujiji. Ng'ombe wakafa, magari yakaachwa njiani, ikabidi wategemee wapagazi kama misafara yote ya Bagamoyo. Afrika Kusini gari moja la ng'ombe 16 lilibeba zaidi ya tani mbili, na vitani likageuka boma. Tarehe 16 Disemba 1838, kando ya mto Ncome, Makaburu waliyafunga magari yao pamoja wakapigana wakiwa ndani. Wazulu wapatao 3,000 waliuawa, Kaburu hata mmoja hakufa. Kwa hiyo sikatai kwamba mbung'o alibadili historia yetu.

Lakini Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, alipokuja 1916, habari za mbung'o zilikuwa zinajulikana kwa karibu miaka 40. Bado akaleta farasi, wakafa kwa maelfu. Kufikia mwisho wa Septemba mwaka ule Waingereza na Wabelgiji walikuwa wameshika Dar es Salaam, Tabora na Reli ya Kati. Wangeweza kusimama hapo. Walichagua kumfuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hadi Rufiji na kwingine kusiko na reli.

Fanyeni hesabu. Mpagazi amebeba kilo 25 za nafaka, naye anakula karibu kilo moja kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20. Askari anapata kilo tano tu! Jeshi likizidi kwenda mbele, ama watu waongezwe, ama posho ipunguzwe, na yote mawili yalifanyika. Waingereza walichukua watu karibu milioni moja, wengi kwa nguvu, na hesabu yao wenyewe ya waliokufa inapita 90,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, wakila unga ambao haukuiva. Wajerumani nao waliteka watu vijijini kuwabebesha mizigo; siwatoi lawamani.

Hapo mbung'o anahusikaje? Yeye aliua ng'ombe. Aliyepunguza posho alikuwa ofisa mwenye kalamu.

Ndiyo maana sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inaniuma. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, ila aliyesimama juu ni askari peke yake na bunduki yake. Nairobi, kwenye ukumbusho wa 1928, mpagazi amechongwa pamoja na askari. Kariakoo, mtaa uliobeba jina la kikosi chao (Carrier Corps), unajulikana kwa biashara, na wanunuzi wengi hawajui jina limetoka wapi.

Naomba serikali ichonge mpagazi, awekwe Kariakoo. Anayeona Smuts hakuwa na hiari baada ya Septemba 1916 alete ushahidi wake, tuujadili.