Nasoma vipi kalipa yenye mistari hamsini?

Mwanagenzi, Wete
Assalamu alaykum, mafundi. Najifunza kazi katika karakana ya injini za boti, na wiki iliyopita nilipewa shafti niipime unene kwa kalipa, kile kifaa cha taya mbili chenye skeli ndogo inayoteleza juu ya skeli kuu, ili mkerezaji apate kututengenezea bushi mpya, yaani mrija mfupi ambamo shafti huzunguka. Sifuri ya skeli ndogo ilikuwa imeupita mstari wa milimita 24, na mstari wa 37 wa skeli hiyo ndio uliolingana na mstari wa skeli kuu. Nikaandika 24.37. Bushi ilipokuja, shafti ikakataa kuingia. Nimekosea wapi, ilhali nimefuata njia tuliyofundishwa skuli kwa kalipa ya mistari kumi?

Mkerezaji, Chake Chake
Wa alaykum salaam, mwanangu. Macho yako yameona sawa. Iliyokosea ni hesabu. Katika kalipa ya skuli, milimita 9 zimegawiwa sehemu kumi, kwa hiyo kila sehemu ni 0.9, imepungua milimita nzima kwa 0.1, na namba ya mstari huandikwa vilevile baada ya nukta. Yako imegawa milimita 49 sehemu hamsini: kila sehemu ni 0.98, yaani imepungua milimita nzima kwa 0.02, na upungufu huo ndio tunaousoma. Zidisha 37 kwa 0.02, utapata 0.74, shafti ni 24.74. Wala huna haja ya kuhesabu mistari yote, kwani tarakimu zilizochongwa kwenye skeli ndogo, 0 hadi 10, ni sehemu za kumi za milimita: mstari wa pili baada ya 7 ni 0.74.

Mwalimu wa fizikia, Unguja
Kabla ya kupima, futa taya, zifunge, uangalie sifuri mbili. Ikiwa ya skeli ndogo imesogea kulia na mstari wa tatu ndio uliolingana, kalipa inasoma zaidi ya kipimo halisi kwa 0.06, nawe huna budi kuitoa. Ikisogea kushoto, unaongeza. Wanafunzi wangu hulisahau hili kila mwaka.

Mkerezaji, Chake Chake
Kweli kabisa. Tena shafti iliyolika haibaki duara, kwa hiyo ipime sehemu tatu, na kila sehemu uigeuze robo mzunguko upime tena, bila kuibana kwa nguvu. Mpe mkerezaji kipimo kikubwa kuliko vyote; nafasi ya mafuta ataiongeza mwenyewe.

Mwanagenzi, Wete
Ahsanteni sana. Sifuri zimelingana. Vipimo sita vimetoka baina ya 24.66 na 24.74, nami nimeshaipeleka hiyo 24.74.