Tajiri kaziba utoro wa lambo lake kwa viroba ili sato wasitoroke, sisi wa bondeni tufe?

Wakuu salaam. Leo natoa povu, anayetaka kupita apite.

Huku kwetu wilaya ya Magu, upande wa ziwani, kuna lambo la mtu binafsi. Kijiji sikitaji kwa sasa, wenyeji mtajua tu. Ni la udongo, lilichimbwa kwa kijiko (mashine ya kuchimbia) cha kukodi kwenye mkondo unaoshuka kutoka vilimani kwenda ziwani. Mwanzoni tulilifurahia kweli. Ng'ombe walikunywa, watu wakamwagilia nyanya na mchicha, kiangazi kikapita bila kugombana kisimani. Nayasema haya mapema kwa sababu nawajua wale watakaokuja na wimbo wao wa "huyu ana wivu na maendeleo ya mwenzake".

Shida imeanza alipoweka samaki. Kila lambo lina utoro, ile njia ya pembeni ambayo maji yakizidi yanapitia hapo na kushuka zake bila kugusa tuta, ule ukuta wa udongo unaozuia maji. Mzee kaufunga. Kaweka wavu wa waya kutoka upande mmoja hadi wa pili, kaukaza kwa nguzo za mkaratusi, kisha kapanga viroba vya mchanga safu juu ya safu ili maji yapande na vifaranga vya sato wasiondoke na maji. Viroba vyenyewe ni vya mbolea na sembe, vingine jua limeshavichana na majani yameota juu yake. Wavu umekamata mabua ya mahindi, magugu, chupa za maji, kandambili ya mtoto, yaani kila kilichoshuka na maji kimeishia pale. Ukisimama karibu unayaona maji yanachujika tone kwa tone katikati ya takataka. Na hapo ndipo pa kutegemewa siku mvua ikipiga usiku kucha!

Kutoka usawa wa maji hadi juu ya tuta sasa hivi hapafiki magotini kwangu. Malambo yanayojengwa na watu wanaojua kazi huachiwa karibu mita nzima pale, kwa ajili ya mafuriko na mawimbi ya upepo. Sisi tumebakiwa na goti, na vuli ndiyo kwanza inaanza.

Kuna watu wananiambia "lakini tuta ni nene, lori linapita juu". Unene sio hoja. Tuta la udongo adui yake mkubwa ni maji kupita JUU yake. Yakishapata sehemu moja iliyobonyea, mara nyingi ile ambayo ng'ombe wamezoea kuvukia, yanaanza kuchimba mteremko wa nje kutoka chini kwenda juu. Mfereji unapanuka, maji yanaongezeka kasi, kasi inazidisha kuchimba. Ikifika hapo hakuna jembe wala kiroba kitakachosaidia, na inaweza kuisha ndani ya saa chache tu. Ndiyo maana utoro ukawekwa. Kuuziba ni kuliambia bwawa litafute njia nyingine, na njia nyingine ni hapohapo juu ya tuta.

Sasa piga hesabu ndogo. Lambo likijaa linafunika kama ekari mbili na nusu, yaani hekta moja. Chukua kina cha wastani mita 2. Hiyo ni mita za ujazo 20,000, na mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Tani elfu ishirini zimekaa juu ya kichwa cha nani? Chini yake kuna majaruba ya mpunga, bustani, kisima cha pampu, njia ya watoto wa shule, halafu nyumba, yangu ikiwemo. Ni lambo dogo kwa mhandisi wa serikali, kwetu sisi si dogo.

Na utoro ni nusu tu ya habari.

Nje ya tuta, chini kabisa, kuna sehemu imelowa kiangazi chote. Majani pale ni mabichi wakati kwingine kote yamekauka. Tuta lilijengwa kwa udongo wowote uliokuwa karibu, luseni (udongo wa kichanga) na mbuga (udongo mweusi wa mfinyanzi) vimechanganywa, kijiko kinamwaga tu, hakuna aliyeshindilia tabaka kwa tabaka. Luseni inapitisha maji, mbuga ikikauka inapasuka nyufa za kuingiza mkono. Halafu katikati kapitisha bomba la kunyweshea ng'ombe, na maji hupenda sana kufuata ubavu wa bomba kama udongo wa kuzunguka haukushindiliwa. Vichuguu vipo. Miti ipo, tena anajisifu kwamba mizizi inashikilia udongo. Mizizi ya mti mkubwa ikifa inaoza na kuacha matundu ndani ya tuta, kwa hiyo ya kupanda pale ni majani mafupi.

Maji yanayotoka yakiwa meupe, unayafuatilia kwa karibu lakini hukimbii. Yakiwa na rangi ya udongo maana yake tuta linaliwa kutoka ndani. Nilikinga kwenye chupa ya plastiki angavu nikaiacha dirishani mpaka asubuhi. Chini kulikuwa na mstari wa udongo laini, mwembamba lakini unaonekana bila miwani. Nikapeleka chupa ile kwa mwenye mali.

Nikamsalimia Kisukuma: "Mwangaluka, namhala (habari za asubuhi, mzee). Angalia hii, imetoka chini ya tuta lako."

Akaishika, akaitikisa (udongo wote ukapanda tena, ushahidi wangu ukawa maji ya chai), akanirudishia. "Kijana wangu, udongo ukilowa si lazima utoe tope? Hili lambo nimelichimba kwa hela yangu. Serikali haikunipa hata senti. Samaki wangu wakienda ziwani, utanilipa wewe?"

Nikamwambia, baba, samaki wataenda ziwani na sisi tutawasindikiza. Hakucheka.

Kuhusu ofisi, nafupisha maana hasira itanipandisha presha. Kitongoji kikasema ni mali binafsi. Kijiji kikasema andika barua. Ofisi moja ya juu zaidi ikasema leteni picha, picha zikapelekwa, wakasema mtaalamu hana gari. Juzi nikaambiwa "bado halijatokea tatizo". Ndugu zangu, tatizo la lambo likishatokea ndio limekwisha!

Na si kweli kwamba mali binafsi haiguswi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 ipo, na usalama wa mabwawa umo humo. Maji ya mkondo si mali ya mwenye shamba hata kama shamba ni lake. Kuyazuia na kuyatumia kunahitaji kibali, na mabonde yana bodi zake, la kwetu likiwa Bonde la Ziwa Victoria. Mzee nilimuuliza kibali chake, akanionyesha risiti ya kijiko.

Mnaosema natisha watu, someni ya Solai kule Nakuru, Kenya. Mei 2018, usiku, bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi lilipasuka baada ya mvua kubwa na watu zaidi ya 40 wakafa. Watu walikuja kufikishwa mahakamani baadaye, lakini waliokufa hawakurudi. Mai Mahiu Aprili 2024 wengi tuliambiwa mwanzoni ni bwawa, kumbe maji yalijaa nyuma ya tuta la reli kwa sababu kalvati lilizibwa na takataka. Yaani hata bwawa halikuhitajika, tuta na tundu lililoziba vilitosha. Na hapa jirani Kishapu, Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilibomoka, likafunika mashamba na makazi. Kule hakuna aliyekufa, Mungu alisaidia.

NYONGEZA: Nimerudi, nimeona majibu.

Mkuu uliyesema tujikusanye usiku tukachimbe mfereji kwenye tuta maji yatoke: tafadhali msithubutu. Mfereji juu ya tuta la udongo ndio huohuo mpasuko, tofauti ni kwamba mmeuanzisha ninyi. Na hata maji yakishushwa, yashushwe polepole, kwa kutoa viroba safu moja moja na kufungua bomba. Ukishusha ghafla, ubavu wa ndani uliolowa unaweza kuporomoka.

Uliyeshauri tukazibe pale panapovuja kwa udongo wa mfinyanzi, vijana walishajaribu. Maji yakahamia hatua chache pembeni. Nilivyoelekezwa na fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi za malambo, pale unaweka mchanga safi, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yatoke lakini udongo ubaki ndani. Mawe Mwanza hayajawahi kuwa tatizo, hilo tutalifanya wenyewe akituruhusu kuingia.

Na wewe uliyeandika "hameni bondeni": sisi tulikuwa hapa kabla ya lambo. Bibi yangu kazikwa hapa. Ahame aliyeleta maji.

Samaki wake wala sina ugomvi nao. Wapo wafugaji wanaoweka wavu ndani ya bwawa, mbali na mdomo wa utoro, wavu mrefu wenye eneo kubwa, na wanausafisha kila mvua ikinyesha. Samaki wanabaki na maji yanapita. Gharama yake haifiki ya vifaranga alivyonunua. Nilimwambia hilo pia, akasema atafikiria baada ya kuvuna. Kuvuna ni baada ya mvua!

Ninachotaka wiki hii ni viroba vitoke na wavu uondolewe kwenye utoro. Bomba, miti na kibali tutabishana kiangazi kijacho tukiwa hai. Kama humu kuna mhandisi wa maji aliyeko Mwanza mjini na anaweza kuja kuliangalia tuta na kuandika ripoti yenye sahihi na mhuri, aseme bei yake hapa hapa. Nauli na chakula cha mchana tumeshachanga, na mwenyekiti wa kitongoji, baada ya kuiona ile chupa, naye katoa elfu tano.