Maple Leafs, mmetuchosha! 6–1 nyumbani mara mbili ndani ya wiki moja

Wakuu, uzi huu ni wa povu tupu. Anayetaka uchambuzi wa upole apite tu.

Jumamosi, Mei 17, 2025, Simba kachapwa 2–0 na RS Berkane kule Morocco. Iliuma, ila ilikuwa ugenini, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho, na marudiano yapo. Nikasema potelea mbali, kesho nina Leafs, timu yangu ya hoki ya huku Toronto. Kesho yenyewe ndiyo hiyo: Scotiabank Arena, katikati ya jiji la Toronto, mechi ya saba, barafu yao, mashabiki wao, na Florida Panthers wakawapiga 6–1. Jumatano iliyotangulia walipigwa hapohapo, na haohao, 6–1 hiyohiyo. Sijui tuuite mkosi au mazoea.

Kwa ndugu zangu wa Bongo mnaojiuliza hoki ya kwenye barafu inamhusu nini Mswahili: ukihamia huku, kazini watu wanaiongelea kuanzia Oktoba hadi Juni. Ama utaipenda, ama utakunywa chai peke yako. Mimi niliipenda, shauri yangu. Ligi ya NHL ina timu 32, msimu huu wa 2024/25 kila moja ilicheza mechi 82, kisha timu 16 zinaingia kwenye mchujo. Humo mnakutana timu mbili, anayetangulia kushinda mechi nne anapita. Mkifungana 3–3, inachezwa ya saba, na hiyo haina marudiano.

Sasa hiyo mechi ya saba ndiyo ugonjwa wa Leafs. 2018 walifia hapo kwa Boston. 2019 Boston tena. 2021 walikuwa wanaongoza Montreal mechi 3–1, wakapoteza tatu mfululizo. 2022 Tampa Bay. 2024 Boston kwa mara nyingine, muda wa nyongeza. 2025 Florida. Mechi za saba sita, vipigo sita, na kizazi kilekile cha mastaa: Auston Matthews, Mitch Marner, William Nylander. Sijahesabu 2020 walipotolewa na Columbus kwenye mechi ya tano, ya mwisho kati ya tano, wala ile ya 2013, kabla ya kizazi hiki, walipoongoza 4–1 kipindi cha mwisho kule Boston wakaishia kufungwa 5–4. Simba tuliitwa Mwakarobo kwa kuishia robo fainali, Yanga wakatucheka mpaka machozi, lakini mwaka huu Mnyama kavuka, katoa Al Masry kwa penalti, katoa Stellenbosch, yuko fainali. Hawa wa huku hata robo wanaiona kwa nadra. Miaka tisa mfululizo wameingia kwenye mchujo, wamevuka raundi ya kwanza mara mbili tu, 2023 na mwaka huu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba safari hii walituaminisha. Pointi 108, vinara wa kundi lao la Atlantic, juu ya Tampa wenye 102 na Florida wenye 98. Kocha mpya Craig Berube, mtu aliyechukua kombe na St. Louis mwaka 2019 kwa kushinda mechi ya saba ugenini, Boston, palepale ambapo Leafs huzikwa. Marner pointi 102, yaani mabao na pasi za mabao. Nylander mabao 45. Raundi ya kwanza wakamtoa Ottawa kwa mechi sita. Na hapo tayari ishara ilikuwepo, sema tulijifanya hatuioni: walikuwa mbele 3–0, wakapoteza mbili, mojawapo 4–0 nyumbani. Timu ya kumaliza kazi haimalizi hivyo.

Akaja Florida, bingwa mtetezi. Mechi ya kwanza 5–4 kwetu. Ya pili 4–3 kwetu. Mjini watu wamevimba, bendera kwenye magari, kila mlevi ni mchambuzi. Mechi ya tatu tunaongoza 2–0, halafu 3–1, halafu... Brad Marchand, muda wa nyongeza, 5–4 kwao. Kuanzia hapo makali yakaisha kabisa. Hesabu mabao ya Leafs kwenye mechi nne za mwisho: sifuri, moja, mawili, moja. Manne! Florida kwenye mechi hizohizo wamefunga 14. Mechi ya sita walishinda 2–0 kule Florida, Joseph Woll akidaka kila kitu na Matthews akifunga bao lake la kwanza katika raundi nzima. Bao la kwanza kwenye mechi ya sita, kutoka kwa nahodha, kutoka kwa mtu aliyefunga 69 msimu wa 2023/24. Na likawa la mwisho pia.

Najua alikuwa mgonjwa. Alicheza msimu huu akiugulia, Novemba alipelekwa hadi Ujerumani kutibiwa, akamaliza na mabao 33. Hilo namsamehe. Na mtaniambia kuhusu kipa Anthony Stolarz aliyepigwa kiwiko cha kichwa na Sam Bennett mechi ya kwanza, akatoka, hakurudi tena, na mwamuzi hakupiga hata filimbi. Kweli, ilikuwa dhuluma. Lakini kipa aliyeshika nafasi yake, Woll, ndiye aliyewaweka hai wakashinda mechi ya sita! Kipa hafungi mabao. Siku ya mechi ya saba tatizo halikuwa langoni mwetu, lilikuwa langoni mwao, ambako hakuna mtu wetu aliyetaka kwenda.

Angalia jinsi Florida wanavyocheza. Wanakukaba hukohuko nyuma kwako kabla hujageuka, wanakugonga kwenye ukuta wa uwanja, wanakunyang'anya paki, kile kisahani kinachochezewa, wanairudisha mbele ya lango lako ambapo tayari wamejaa wawili. Kazi chafu, ya kuumiza, na kila mtu anaifanya, awe staa awe wa mstari wa nne. Wetu wanazunguka pembeni wakipasiana vizuri, wanatafuta upenyo mzuri zaidi, wanapoteza. Kipindi cha pili tukafungwa matatu: Jones, Lundell, Gadjovich. Kipindi cha tatu Max Domi akarudisha moja, uwanja ukafufuka, hata mimi niliamka kwenye kochi. Dakika haijaisha, Luostarinen kaweka la nne. Mkikaa mkafikiri ndipo mnajua kuwa hiyo dakika ndiyo historia ya timu hii. Bao la sita kafunga nani? Marchand. Huyu bwana amekutana na Toronto kwenye mechi za saba tano, nne akiwa Boston na hii moja akiwa Florida, na zote tano kashinda. Alihamishwa Machi, wiki chache tu kabla ya mchujo, kama vile aliulizwa atapenda kwenda wapi akatuue tena.

Watu wakaanza kurusha jezi kwenye barafu. Wengine wakawazomea, wengine wakaondoka kabla ya filimbi. Mitandaoni nimeona wanalaumiwa eti hawana adabu. Jamani! Toronto ni miongoni mwa sehemu ambazo tiketi ni ghali kuliko zote kwenye ligi. Familia ya kawaida ikitaka kwenda mechi moja ya mchujo inabidi ikae kikao. Mtu aliyetoa fedha hiyo akaonyeshwa usanii ule, akavua jezi akairusha, mnataka aimbe?

Turudi kwenye mzizi, maana kumlaumu mchezaji mmoja ni rahisi. NHL ina ukomo wa mishahara: msimu huu timu haikuruhusiwa kuzidi dola milioni 88 kwa kikosi kizima. Leafs wanne, Matthews 13.25, Nylander 11.5, John Tavares 11, Marner 10.9, walibeba zaidi ya nusu yake. Waliobaki wote, mabeki, makipa, watu wa kazi chafu, waligawana kilichosalia. Huu mpango ulianza 2018 na 2019. Ikaja korona, ukomo ukaganda kwenye milioni 81.5 kwa misimu kadhaa, mpango ukabana shingo. Badala ya kuuvunja wakawa wanapunguza watu wa pembeni. Nazem Kadri wakamwondoa 2019, 2022 akabeba kombe na Colorado. Zach Hyman wakamwacha aondoke 2021, akaenda Edmonton, msimu wa 2023/24 akafunga 54. Hao ndio aina ya watu wanaokwenda mbele ya lango!

Halafu kuna lile la 2023, ambalo mimi silisahau. Walitolewa na Florida hawahawa, 4–1. Rais wa timu, Brendan Shanahan, akaachana na meneja mkuu Kyle Dubas mwezi Mei. Mkataba wa Marner ulikuwa na kipengele kwamba kuanzia Julai 1, 2023 hahamishwi popote bila ridhaa yake. Wiki sita hivi walikuwa nazo. Meneja mpya, Brad Treliving, akaingia, Julai ikafika, dirisha likafungwa. Agosti wakampa Matthews mkataba mpya, Januari wakampa Nylander wa miaka minane. Naandika haya Mei 2025, mkataba wa Marner ulikuwa umebakiza mwezi mmoja tu, na angeweza kuondoka wakabaki wanatazamana. Mtu wa pointi 102! Ukiwa na mali ya namna hiyo, unaiuza ikiwa na bei au unaisubiri iondoke yenyewe?

Msiniambie haiwezekani kwa sababu mashabiki wangelia. Wamiliki wa Leafs ndio wamiliki wa Raptors ya kikapu, jengo moja, uwanja mmoja. Raptors nao walikuwa wanaua kila mtu kwenye ligi, halafu wanaenda kutolewa na LeBron James, 2016, 2017, 2018. Rais wao wa wakati huo, Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, alifanya nini? Kamfukuza Dwane Casey, kocha bora wa mwaka huohuo. Kamhamisha DeMar DeRozan, kipenzi cha jiji, mtu aliyesema wazi kwamba anataka kubaki Toronto, akamleta Kawhi Leonard mwenye mwaka mmoja tu kwenye mkataba. Watu walimtukana. Juni 2019 wakawa mabingwa, jiji likafungwa kwa gwaride. Ushahidi uko ghorofa hiyohiyo na wa hoki hawakuuona.

Wao wakaamua suluhisho ni kuongeza viraka. Machi hii wametoa haki zao za raundi ya kwanza za kuchagua chipukizi, ya 2026 na ya 2027, pamoja na vijana, wakapata Brandon Carlo kutoka Boston na Scott Laughton kutoka Philadelphia. Wachezaji wazuri, sina ugomvi nao. Ila unauza kesho ili kuziba pembeni wakati katikati ndiko kunakovuja?

Mara ya mwisho Leafs kubeba Kombe la Stanley ilikuwa Mei 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha. Ligi ilikuwa na timu sita. Tangu siku hiyo hawajaingia hata fainali. Ujamaa umekuja na kuondoka, vyama vingi vimerudi, Tanzania ina rais wa sita, Toronto bado inasema mwakani. Na mwakani uwanja utajaa tena, hilo ndilo linalowapa jeuri.

NYONGEZA, Alhamisi, Mei 22: Shanahan hatunaye, mkataba wake hawakuuongeza. Miaka 11, raundi mbili alizovuka. Kuna mdau hapo chini anasherehekea. Mkuu, punguza. Aliyeondoka ni mmoja, walioweka saini kwenye ile mikataba ni wengi, na wengine bado wana ofisi.

NYONGEZA YA PILI: Naona kuna kaka ananiita shabiki wa matokeo, eti pointi 108 nizishukuru. Kaka, Florida wenye 98 wako nusu fainali muda huu. Wewe zichukue hizo 108 ukazipange kabatini.

Na dada wa Scarborough aliyeuliza kama nami nilirusha jezi: hapana, nilikuwa nyumbani, na televisheni bado namdai fundi. Jezi ipo, namba 16, MARNER mgongoni, haijachakaa. Anayeitaka aje inbox, simuuzii, naigawa. Marudiano ya Simba ni Jumapili Zanzibar, nahitaji nafasi kwenye kabati.